Mninga au mpingo: gogo lipi la gitaa, na lipasuliwe vipi

Fundi anayetaka kutengeneza gitaa akiwa Dodoma hana shida ya kukosa mbao ngumu. Mninga unaletwa kutoka miombo ya Singida na Tabora, kwa njia ya Itigi na Manyoni. Mpingo, mti wetu wa taifa, unaota hata kwenye vichaka vya mkoa huu, ingawa magogo ya maana hutoka kusini, Kilwa, Nachingwea na Ruvuma. Shida ya fundi ni kuamua. Huku anasikia kwamba mpingo ndio mfalme wa mbao za muziki, kwa kuwa klarineti na obo za Ulaya huchongwa kwa mpingo. Huku mninga anauona kila siku kwenye vitanda na milango, na kwa sababu ameuzoea haudhanii kuwa ni mbao ya chombo cha muziki.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa mgongo na mbavu (kuta za pembeni) za gitaa linalotengenezwa hapa, chukua mninga. Mpingo uupeleke pale vidole na nyuzi zinapogusa: ubao wa vidole na daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi. Tena namna gogo lilivyopasuliwa itakupa gitaa zuri au baya kuliko jina la mti lenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu msumeno.

Uso wa gitaa, ule wenye tundu, siuzungumzii hapa. Uso unataka mbao nyepesi iliyo ngumu kwa pamoja, na mafundi wengi duniani hutumia sprusi au mwerezi wa ng'ambo. Hizo utaagiza.

Uzito na mlio

Mpingo mkavu una kilo 1,200 hadi 1,270 kwa meta moja ya ujazo. Maji yana kilo 1,000, ndiyo maana kipande cha mpingo ukikitia kwenye ndoo kinazama. Mninga una kilo 600 hadi 650 hivi, karibu nusu. Sasa piga hesabu ya gitaa la kawaida la nyuzi sita. Mgongo na mbavu kwa pamoja zina eneo la karibu meta ya mraba 0.3, na unene wa milimita 2.2. Kwa mninga hiyo ni takriban gramu 400. Kwa mpingo ni gramu 800. Hizo gramu 400 za ziada mpigaji atazisikia begani kabla hujamweleza habari yoyote ya sauti.

Kwenye mlio, mpingo una haki ya kujisifu. Shika ubao wake mwembamba karibu na robo ya urefu, ugonge kwa kifundo cha kidole: unatoa mlio mkali, safi, unaokaa hewani. Ni tabia ya ukoo wake. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia, ndugu wa Dalbergia nigra ya Brazil, mbao iliyotumika kwenye magitaa ya kifahari mpaka biashara yake ya kimataifa ilipofungwa mwaka 1992. Mninga ni wa jamii ya Pterocarpus, pamoja na padauki ya Afrika ya Kati ambayo watengenezaji wa gitaa wanaifahamu. Ukiugonga nao unalia, ila kwa upole zaidi, na mlio unazimika mapema kidogo.

Je, tofauti hiyo ina uzito gani kwenye gitaa lililokamilika? Ipo, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodai, kwa sababu sauti ya gitaa inatoka zaidi kwenye uso wake na namna ulivyokondeshwa. Kwa mtu anayepiga huku akiimba, kanisani au nyumbani, mimi naona mninga unafaa zaidi. Hausukumani na sauti ya mwimbaji. Mpiga solo anayetaka kila noti isikike kivyake ana sababu ya kuutamani mpingo, na nitamweleza hapa chini gharama ya tamaa hiyo.

Zoezi la kugonga mbao usilione la kigeni. Dodoma ni nchi ya zeze la kibuyu na ngozi, na ya ilimba, kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, ambayo mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Mafundi wa vyombo hivyo wanachagua mti kwa sikio. Fanya vivyo hivyo unapofika kwa muuza mbao: gonga vipande vitano au sita vya mninga uleule, utashangaa jinsi viwili vinavyolia na vingine vinavyokaa kimya. Vilivyo kimya waachie wenye vitanda.

Gogo linatoa nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tuhesabu pamoja.

Mbao ya mgongo inatakiwa iwe imepasuliwa robo. Tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa upana. Mistari ya ukuaji ikisimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, huo ni ubao wa robo. Ikilala sambamba na upana, ni ubao wa bapa. Mbao yoyote ikikauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wa mistari hiyo karibu mara mbili ya inavyosinyaa kwa kuikata. Mpingo, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, husinyaa kwa asilimia 4.8 upande wa kwanza na 2.9 upande wa pili.

Asilimia hizo zina maana gani kwa gitaa? Karakana ya Dodoma mwezi Oktoba huwa kavu, na mbao zilizotulia humo zina unyevu wa asilimia 8 au 9. Gitaa likipanda treni ya SGR, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, siku hiyohiyo liko Dar es Salaam. Baada ya wiki kadhaa kwenye hewa ya pwani, mbao zake zinaelekea asilimia 14. Kwa ongezeko hilo la asilimia 5, mgongo wa mpingo wenye upana wa milimita 370 uliopasuliwa bapa unataka kupanuka kwa milimita 3. Ukiwa wa robo, ni chini ya milimita 2. Milimita hizo hazina pa kwenda kwa sababu kingo zimegundishwa kwenye mbavu, kwa hiyo mgongo unavimba, na likirudi Dodoma kiangazi unaachia gundi au unapasuka.

Mninga ni mmoja wa miti inayocheza kidogo kabisa katika mbao ngumu za nchi hii. Maseremala wanaupenda kwa milango kwa sababu hiyohiyo. Kwenye ubao wa milimita 2.2 sifa hiyo ina faida kubwa zaidi kuliko kwenye mlango, na kwangu mimi ndiyo iliyomaliza ubishi.

Sasa ukubwa wa gogo. Nusu moja ya mgongo inahitaji upana wa sentimita 19 au 20, na urefu wa 55. Ili upate upana huo kwa robo, unapima kutoka kiini kwenda nje, yaani ni nusu tu ya kipenyo inayokusaidia. Chukua gogo la mninga lenye kipenyo cha sentimita 55. Nusu yake ni 27.5. Toa ganda pamoja na mbao nyeupe ya nje, ambayo wadudu wanaotoboa wanaipenda sana: sentimita 5 na nusu. Toa kiini na nyufa zilizokizunguka: 2. Unabaki na 20 kamili. Mgongo wa vipande viwili umepatikana, na gogo la ukubwa huo kwa mninga si ndoto.

Mpingo wenye kipenyo cha sentimita 30 watu wanausifia kuwa ni gogo zuri. Nusu yake ni 15. Toa nyeupe 2, toa kiini 3 kwa sababu moyo wa mpingo mara nyingi una nyufa, unabaki na 10. Bado sijagusa mifereji iliyo ubavuni mwa gogo, wala kupinda kwake. Kwa hiyo mgongo wa mpingo wa robo ni vipande vinne vya sentimita 10, vyenye viungo vitatu vya gundi. Unaweza kupendeza sana, maana fundi mwenye jicho hupanga mistari ya kahawia na nyeusi ikakutana vizuri. Lakini mbavu zinahitaji vipande vya sentimita 80 kwa 12, vilivyonyooka na visivyo na fundo, na hapo ndipo mpingo unapokataa. Utafungua magogo mengi kabla hujapata jozi moja ya mbavu, na kila gogo lililofunguliwa ni mti uliochukua miongo mingi kukua. Mimi siwezi kutetea upotevu huo.

Ubao wa vidole ni jambo jingine. Unataka sentimita 52 kwa 7, unene milimita 9. Daraja ni sentimita 19 kwa 4. Vipimo hivyo vinatoka kwenye mpingo mdogo, hata kwenye mabaki ya wachongaji. Soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuulizia vipande. Na hapo ugumu wa mpingo unalipa: vyuma vya ubao wa vidole vinashika, na nyuzi hazichimbi mifereji kwa miaka mingi.

| | Mninga | Mpingo |
|---|---|---|
| Kilo kwa meta ya ujazo, mkavu | 600–650 | 1,200–1,270 |
| Mgongo na mbavu | gramu 400 hivi | gramu 800 hivi |
| Mgongo wa robo | vipande 2, gogo la sm 55 | vipande 4, gogo la sm 30 |
| Kucheza na unyevu | kidogo sana | wastani, hupasuka ukikimbizwa |
| Gundi | inashika bila taabu | futa mafuta kwanza |
| Meno ya msumeno | yanadumu | yanakwisha haraka |

Chenso, dingdong au msumeno wa mkanda

Mpasuaji wa kawaida anatazama wingi. Gogo analilaza kwenye dingdong, ule msumeno wa duara wenye injini, na kulishusha ubao baada ya ubao, inchi moja au mbili, kutoka juu hadi chini. Kwa paa na vitanda hana kosa. Kwako wewe, katika rundo lote hilo ni mbao mbili au tatu tu zilizopita katikati ya gogo ndizo zenye sura ya robo, tena zina kiini katikati. Ukikosa uwezo wa kununua gogo zima, zitafute hizohizo. Nenda kwenye rundo, inama, soma vichwa vya mbao badala ya nyuso zake. Ubao wa katikati wenye upana wa inchi 12 ukitolewa kiini unakupa vipande viwili vya robo vyenye upana mdogo, vinavyotosha shingo na mbavu, au mgongo wa vipande vinne. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu, na kwa gitaa la kwanza naipendekeza kabisa.

Mwenye uwezo wa gogo aangalie msumeno unakula nini. Tuseme umepata bonge la mninga la robo lenye unene wa sentimita 10, na unataka kulichana vipande vya milimita 4.5, ambavyo baadaye vitarandwa na kupigwa msasa hadi 2.2. Msumeno wa mkanda mwembamba unakula milimita 1.5 kila unapopita. Bonge linatoa vipande 16, yaani migongo 8. Dingdong unakula 6: vipande 10, migongo 5. Chenso inakula 9, tena inaacha uso wa makovu, kwa hiyo lazima ukate kwa unene wa 8: vipande 6, migongo 3. Bonge ni lilelile. Migongo mitano imegeuka vumbi.

Hata hivyo chenso usiifukuze. Ina kazi yake porini na kwenye ua wa mbao, na kazi hiyo ni kufungua gogo. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Kwanza gogo linakatwa fupi, sentimita 90 kwa mbavu na 60 kwa migongo. Urefu mfupi unakusaidia sana kwenye mti uliopinda, maana katika sentimita 60 karibu kila gogo limenyooka. Tena magogo mafupi ya futi tatu mara nyingi hayana soko kwa wenye vitanda, kwa hiyo uliza habari zake kabla hujauliza bei ya magogo marefu. Baada ya hapo chenso yenye fremu ya kuongozea inapita katikati kabisa ya kiini, kwa urefu, na gogo linakuwa nusu mbili. Kama kiini kina ufa, fuata ufa huo. Gogo limeshakuonyesha pa kupita. Kila nusu inatolewa mabonge ya sentimita 8 hadi 10 ambayo mistari yake inasimama. Mabonge hayo ndiyo yanayokwenda mjini kwenye msumeno wa mkanda.

Kwa mpingo fungua kwa mkanda tangu mwanzo ukiweza. Gogo ni dogo, na kila milimita ina thamani. Tumia mkanda mpana, wa meno machache, matatu kwa inchi, na sukuma polepole. Ukisikia sauti ya msumeno imebadilika, meno yamekwisha na mkanda unaanza kutanga kushoto na kulia. Mninga unaruhusu mwendo wa kasi zaidi, ila una sehemu ambazo mishipa yake imepishana, na kwenye randa huchanika. Hapo tumia msasa.

Vumbi la miti yote miwili si la kupuuza. La mninga linawasha pua na kubana kifua, la mpingo linaweza kuwasha ngozi. Vaa barakoa ya maana, si kitambaa.

Karatasi kabla ya gogo

Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao haya yanavunwa kwa leseni na kusafirishwa kwa hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na magogo halali hugongwa nyundo ya alama. Muuzaji asiye na hati mwache na gogo lake, hata kama bei inavutia. Si suala la kuogopa kizuizi cha barabarani peke yake. Mninga umevunwa kupita kiasi sehemu nyingi za miombo, na fundi wa gitaa anayenunua mbao ya wizi anamaliza mbao yake ya kesho. Kwa mpingo, Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe, na vya kwanza vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Ukiweza kupata mbao yenye asili ya namna hiyo, ichukue.

Kama gitaa litauzwa nje ya nchi, elewa tofauti hii. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017 Dalbergia zote isipokuwa ile nigra ya Brazil, mpingo ukiwemo, ziko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, yaani zinauzwa nje kwa kibali, lakini vyombo vya muziki vilivyokamilika vya mpingo viliondolewa kwenye sharti la kibali mwaka 2019. Mninga na ndugu zake wa Afrika waliingia kiambatisho hichohicho kwa uamuzi wa Novemba 2022, ulioanza kutumika Februari 2023, na unahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, veniya, plaiwudi na mbao zilizotengenezwa kiasi. Yaani gitaa lililokamilika lina njia rahisi kuliko jozi ya mbao ghafi, kwa miti yote miwili. Hiyo ni sababu nyingine ya kutengeneza gitaa hapahapa badala ya kuuza mbao.

Kwenye meza ya kazi

Mninga hauna makuu. Gundi ya mbao ya kawaida inaushika, unakubali vanishi baada ya kuziba vitundu vyake, na mbavu zake zikikondeshwa hadi milimita 2 zinapinda kwenye bomba la moto, mradi ukwepe sehemu zenye mishipa iliyopishana. Mpingo una mafuta ndani yake. Kwangua au futa kwa spiriti pale gundi itakapokaa, kisha gundisha palepale kabla mafuta hayajapanda tena. Mbavu za mpingo zikondeshe hadi 1.8, na usiharakishe joto. Kwa kung'arisha unahitaji msasa laini na mafuta kidogo tu.

Kuna miti mingine watu wataniuliza. Mkongo, ambao Tabora huitwa mkola, ni imara na unatulia, ila ni mzito kuliko mninga. Unafaa kwa mgongo kama uzito haukusumbui. Mkangazi ni mzuri mno kwa shingo, na kama ningekuwa na vipande viwili, cha mninga na cha mkangazi, shingo ningeipa mkangazi kwa wepesi wake. Mvule una mawe ya chokaa ndani ya mbao yanayoua mkanda mpya mara moja, nami siupendekezi kwa kuchana vipande vyembamba. Mtiki wa mashambani, kama ule wa Longuza na Mtibwa, umenyooka, unatulia, na haumalizi msitu wa asili. Una mafuta kama mpingo, lakini nauona kuwa ndio mshindani wa kweli wa mninga kwa miaka ijayo.

Kukausha katika hewa yetu

Pwani fundi anahangaika mbao zikauke. Dodoma tunahangaika zisikauke kwa pupa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo upepo na jua vinavuta maji kwenye kichwa cha bonge kwa kasi kuliko ubavuni. Kichwa kinasinyaa, ndani bado kumejaa maji, na ufa unaingia sentimita kumi kabla wiki haijaisha. Siku ileile ya kupasua, paka vichwa vyote rangi ya mafuta au nta iliyoyeyushwa. Mpingo upake bonge zima, maana unakauka polepole sana na haupendi kukimbizwa. Watu wa klarineti huacha vipande vyao miaka kadhaa. Ubao wa vidole wa mpingo uliopasuliwa mwaka huu usiutegemee mwaka huu.

Mninga ni msamehevu. Mabonge yapange ndani ya banda lenye kivuli, mbali na upepo wa moja kwa moja, juu ya vijiti vya unene mmoja. Ukishachana vipande vya milimita 4.5, weka vijiti kila baada ya sentimita 15, kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka, na juu kabisa weka tofali zito. Vijiti vikipishana, mbao itakauka na mawimbi ambayo randa haiyatoi.

Utajuaje imekauka? Mizani ndogo ya dukani inatosha. Andika uzito wa kipande kimoja kwa penseli juu yake, pima tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, kimetulia na hewa ya karakana. Ukitaka asilimia kamili, kata kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Kama kilikuwa gramu 108 na sasa ni 100, unyevu ulikuwa asilimia 8.

Kipima unyevu cha hewa nacho unakihitaji, na vingi vinavyouzwa vinadanganya. Tia chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kidogo iwe uji mzito, iweke pamoja na kipima ndani ya kopo lililofungwa kwa usiku mzima. Hewa humo itakuwa asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kila usomaji wake unapungua 7.

Gundisha mgongo na uso wakati hewa ya karakana iko kati ya asilimia 40 na 45. Gitaa la mninga wa robo lililofungwa kwenye ukavu huo likienda pwani litavimba kidogo na kurudi. Lililofungwa Februari wakati wa mvua, likikutana na Oktoba ya Dodoma, litapasuka. Kwa hiyo mimi nafungua gogo Aprili au Mei, hewa ikiwa bado ina unyevu wa kulinda vichwa. Vipande vyembamba vya mninga nachana Juni, na kufikia Septemba vimetulia. Kazi ya gundi naimaliza kabla ya wingu la kwanza la Desemba. Mabonge ya mpingo yaliyofunguliwa msimu huo yanabaki darini, yameandikwa tarehe, yakisubiri magitaa ya miaka inayokuja.